Mwacheni Mgeni Anunue Boxer

Arusha tumewazoea watalii wa aina mbili, wa mlima na wa wanyama. Kuna wa aina ya tatu, wachache, ambao hoteli kubwa haziwajui. Hushuka KIA na begi moja na helmeti mkononi, pikipiki hawana, na huulizia bei ya Boxer kabla ya kuulizia bei ya chumba. Wamekuja kununua pikipiki hapa hapa, waipande hadi Mbeya, wavuke Zambia na Botswana, waishie Windhoek au Cape Town. Wengine huchukua miezi mitatu njiani, wengine sita.

Vijana wa kijiweni huwacheka. Mtu ana pesa ya tiketi ya ndege kutoka Munich, halafu anataka pikipiki ya kubebea mikungu ya ndizi! Kwa nini asije na ile ya kwao, dude lenye masanduku ya bati pembeni na taa nne mbele?

Mimi naona huyu mgeni ana akili kuliko tunavyomdhania. Amechagua pikipiki inayoifaa safari yake kuliko zote, na amekuja kuinunua mahali panapostahili. Kinachomshinda ni karatasi, na karatasi zenyewe ni zetu. Tukiamua kuzinyoosha, tunaweza.

Hesabu yake ni hii. Mtu wa Ulaya anayetaka kuzunguka kusini mwa Afrika na pikipiki yake mwenyewe ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiendesha kutoka kwao. Njia ya mashariki, ile ya kufuata Nile kupita Misri na Sudan hadi Ethiopia, imevurugika tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023. Ya magharibi ipo, ila inapita kwenye tope la misitu ya Kongo, na viza zake peke yake zinaweza kumzeesha mtu. Njia ya pili ni kuipakia: aitengenezee kreti la mbao, amlipe wakala wa huko na wakala wa huku, kisha akae Mombasa au Dar es Salaam akisubiri kontena ambalo kila siku linafika kesho. Akiamua kutumia ndege, gharama ya kuileta tu inaweza kuzidi bei ya Boxer mpya, ambayo hapa kwetu ni kama shilingi milioni tatu hivi.

Halafu kuna kaneti. Hiki ni kitabu cha forodha ambacho msafiri wa masafa hukilinda kuliko pasipoti. Hutolewa na vyama vya magari vilivyo chini ya shirikisho la FIA. Kwa Kenya ni AA ya Kenya. Kitabu huwa na kurasa 5, 10 au 25, na kila ukurasa una vipande: ofisa wa mpakani huchana kimoja unapoingia, cha pili kinachanwa unapotoka, na kishina chenye mihuri yote miwili kinabaki na wewe kama ushahidi kwamba hukukiacha chombo nchini mwa watu. Ukikiacha, chama kilichokupa kaneti kinadaiwa ushuru, nacho kinakula amana uliyoiweka. Amana hiyo hupimwa kwa thamani ya chombo. Mwenye BMW ya euro elfu ishirini anafungia fedha nyingi kwa mwaka mzima, mwenye Boxer anafungia kidogo. Katika nchi zinazodai kaneti, umaskini wa pikipiki ni faida.

Lakini hata kama forodha isingekuwepo, bado ningemshauri mgeni achukue Boxer, au TVS, au Honda ndogo yoyote inayobeba watu katika mji alioshukia. Boxer inatoka kwa Bajaj Auto wa Pune, TVS inatoka Hosur katika jimbo la Tamil Nadu, na zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambako barabara ni mbovu na mnunuzi hana pesa ya kurudi gereji. Injini ina silinda moja na hupozwa kwa upepo, hivyo hakuna rejeta ya kuvuja. Kabureta ikiziba unaifungua kwa bisibisi na kuipuliza kwa mdomo. Betri ikifa unapiga kiki, kiki ikigoma unasukuma kwenye mteremko. Uzito hauzidi kilo 130, maana yake ikianguka kwenye mchanga unaiinua peke yako, na mto ukijaa watu wawili wanaipakia kwenye mtumbwi. Mvua ikikushinda, utingo wa basi anaitupa juu ya keria nawe unaendelea na safari ukiwa umekaa dirishani.

Kubwa zaidi ni fundi. Toka Namanga hadi Livingstone sidhani kama kuna mji wenye stendi usio na mtu aliyeifungua injini ya namna hii mara mia. Anazijua ringi zake, anaijua sauti ya cheni ya taimingi inapoanza kulegea, anajua klachi pleti ipi ni feki na ipi itakufikisha. Duka la spea liko hatua chache kutoka alipokaa. Sasa mpelekee pikipiki ya Kijerumani ambayo imezima kwa sababu sensa ndogo kama punje ya mahindi imeiambia kompyuta kwamba kuna hitilafu. Fundi wa Tunduma si mjinga, ila hana mashine ya kuisoma hiyo kompyuta, wala hakuna mwenye nayo hadi mji mkuu. Spea itatoka Johannesburg au Ulaya, na ikifika itakwama forodhani.

Historia ya safari hizi inasema hivyo hivyo kwa atakayeisikiliza. Ernesto Guevara na rafiki yake Alberto Granado walipoondoka Argentina Januari 1952 walipanda Norton ya Kiingereza ya cc 500, ya mwaka 1939, mali ya Granado. Ilikufa Chile. Nani katika milima ya Andes angekuwa na kifaa cha Norton ya kabla ya vita? Wao, wakiwa bado na hamu ya kusafiri, waliendelea kwa miguu na kwa lifti za malori, na huenda safari ilinoga zaidi kwa hivyo, lakini pikipiki ndiyo iliyoamua. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walishuka kutoka Scotland hadi Cape Town kwa BMW za R1200GS, na safari yao, iliyopigwa filamu, ikapita hapa kwetu. Wakafika salama. Tofauti ni kwamba nyuma yao kulikuwa na magari ya kusindikiza, watu wa kamera na watu wa kupanga vibali. Mtazamaji wa Ulaya aliona BMW, hakuona msafara, na tangu hapo anaamini kwamba Afrika haivukiki bila pikipiki ya kilo zaidi ya 200.

Mfano ninaoupenda ni wa Mholanzi Noraly Schoenmaker. Mwaka 2018 alinunua Royal Enfield Himalayan mjini Delhi, pikipiki ya cc 411 ya kiwanda cha India, akaenda nayo mashariki hadi Malaysia, akaisafirisha hadi Oman, kisha akapita Iran na Asia ya Kati mpaka kwao Uholanzi. Alinunua kile ambacho nchi ile inakiunda na kukipanda. Kwa Delhi ni Enfield, ambayo imekuwa ikitengenezwa upande wa Madras tangu miaka ya 1950, hata baada ya kiwanda mama cha Uingereza kufa. Kwa Hanoi ni Honda, ndugu wa ile Cub ambayo mwaka 2017 ilitimiza pikipiki milioni 100 tangu ianze kuuzwa mwaka 1958. Kwa Arusha, Kampala na Kisumu ni Boxer na TVS.

Nisiipambe kupita kiasi. Boxer yenye mzigo ikipanda mlima wa Kitonga inalia, na malori yanayopanda nayo yatakufundisha subira. Ukitoka Kazungula, pale palipokuwa na pantoni na sasa pana daraja la mita 923 lililofunguliwa Mei 2021, unaingia Botswana, na hapo mambo hubadilika: lami imenyooka mpaka macho yanachoka, upepo wa Kalahari unakupiga kifuani, magari yanapita kwa kasi ya 120 na wewe uko kwenye 75. Kati ya Kasane na Nata tembo huvuka barabara bila taarifa. Kiti cha Boxer kilitengenezwa kwa safari za kutoka sokoni, na makalio yatakukumbusha. Mtu mwenye mwenza nyuma na hema na vyombo vya kupikia atafute kubwa kidogo. Anayetaka kufika Cape Town kwa wiki mbili naye asije kabisa, apande ndege.

Umeme nao unakuja. Mwaka 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch iliendesha Roam Air, pikipiki ya umeme inayoundwa Nairobi, hadi Stellenbosch kwenyewe, takriban kilomita 6,000, wakiichaji kwa jua. Nimefurahi. Ila nao walikuwa na gari la kubeba paneli, kwa hiyo tukutane tena baada ya miaka kadhaa.

Mgeni anunue mpya au kuukuu? Hapa nina msimamo mkali: mpya, dukani, na risiti yake. Pikipiki iliyotumika Tanzania karibu daima imewahi kuwa bodaboda, na bodaboda ina maisha ambayo saa ya kilomita haiyasemi. Imebeba magunia ya mkaa, imebeba mshikaki wa watu wanne, imeendeshwa na oili nyeusi kwa sababu siku hiyo hesabu ya tajiri ilikuwa haijatimia. Injini imeshafunguliwa na kufungwa. Hilo bado si baya sana, kwa sababu injini hutengenezeka. Baya ni mkataba. Vijana wengi hupewa pikipiki kwa mkataba: analipa kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka au zaidi inakuwa yake. Hadi siku hiyo kadi ya usajili iko kabatini kwa tajiri au kwa kampuni ya mikopo. Kijana akibanwa na shida anaweza kumuuzia mgeni kitu ambacho si chake, kwa bei ya kumtoa mate, pamoja na nakala ya kadi iliyotolewa kivuli. Mgeni atafika Namanga akiwa na furaha tele, na hapo ndipo atajua kwamba namba ya chesisi inatafutwa.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe, kwa sababu ukiniuliza mtu ananunua nini anaponunua pikipiki ugenini, nitakuambia ananunua jina lake kwenye kadi. Pikipiki mbovu yenye kadi safi itafika Cape Town kwa kusukumwa. Pikipiki mpya yenye kadi ya mtu mwingine inaweza kufia mpaka wa kwanza.

Mfumo wetu wa usajili ulijengwa kwa ajili ya mkazi. Kadi hufuata namba ya mlipakodi, TIN kwetu, PIN ya KRA kwa Wakenya, na namba ya mlipakodi hufuata kitambulisho cha taifa au kibali cha ukaazi. Mtalii mwenye viza ya siku 90 hana hiki wala kile. Pesa anayo, muuzaji yuko tayari, pikipiki ipo na bado ina nailoni kwenye kiti, na kompyuta ya usajili inamuuliza swali ambalo hana jibu lake. Baadhi hupata njia baada ya kuzunguka ofisi kwa wiki nzima wakiwa na karani mwenye huruma. Wengi huangukia kwa kishoka, anayewaambia maneno matamu: tutaandika kwa jina la shemeji yangu, wakili atakupa barua ya ruhusa, hakuna shida.

Shida ipo. Barua ya wakili wa Arusha ina nguvu Arusha. Ofisa wa Nakonde, upande wa Zambia, hana sababu ya kuiamini, na ofisa wa Botswana hana hata uwezo wa kuisoma ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili. Bima nayo inafuata jina la mwenye kadi. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa tulishatoka katika jumuiya yenyewe, ni mpango mzuri sana: bima moja ya mtu wa tatu inayotambuliwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na kwingineko. Lakini inabandikwa juu ya bima ya nyumbani, na bima ya nyumbani ina jina la shemeji. Akimgonga mtoto Mpika, huko Zambia, nani atatafutwa? Shemeji, aliyepewa elfu hamsini na hajui hata Mpika iko wapi.

Wenzetu wa Chile walilitatua hili kitambo. Mgeni akifika Santiago huomba namba ya kodi, RUT, kwa pasipoti yake, na kwa namba hiyo anaweza kusajili pikipiki kwa jina lake halali. Ndiyo maana wanaotaka kuzunguka Amerika ya Kusini hukimbilia kununua Chile na kukwepa majirani wenye masharti magumu zaidi. Hawavutwi na bei, maana Chile si nchi ya bei rahisi. Wanavutwa na karatasi. Mauzo yale, malazi ya kusubiri usajili, matairi, mafuta, nguo za mvua, vyote vinaachwa Santiago kwa sababu ya namba moja ya kodi.

Jambo ambalo wageni hulifikiria mwishoni, wakati lingepaswa kuwa la kwanza, ni namna ya kuachana na pikipiki. Umefika Cape Town. Umepiga picha, mlima uko nyuma yako. Boxer yako ya namba za MC imekufikisha, sasa ndege ni Jumanne. Huwezi kuiuza. Afrika Kusini hairuhusu vyombo vilivyotumika kuingizwa kwa biashara, inalinda viwanda vyake, na pikipiki yako iliingia kwa kibali cha muda tu. Kuipakia kwenye meli kuirudisha Dar es Salaam ni gharama kuliko thamani yake. Kuitelekeza kwenye ua wa nyumba ya wageni ni kosa la forodha, na kama una kaneti, amana yako ndiyo inayoumia. Kwa hiyo unakuta watu wanafanya vituko: wanamtafuta msafiri mwingine anayepanda kaskazini na kumkabidhi pikipiki kwa barua ya mkono, au wanaipeleka forodhani ikaharibiwe rasmi ili wapate muhuri. Pikipiki nzima, iliyovuka nchi tano bila kulalamika, inakatwa chuma ili kitabu kifungwe.

Ninachopendekeza si kigeni duniani. Ufaransa wana usajili wa muda wa namba nyekundu zenye herufi TT, uliokuwepo tangu miaka ya 1950. Mtu asiye mkazi wa Umoja wa Ulaya anachukua gari jipya la Renault au Peugeot bila kodi ya mauzo, linasajiliwa kwa jina lake, lina bima kamili, anazunguka nalo Ulaya, kisha kiwanda kinalichukua tena kwa bei waliyokubaliana tangu mwanzo. Mgeni hana habari ya kuuza, serikali inajua gari liko wapi, kiwanda kinapata gari lililotumika kidogo la kuuza. Hakuna anayemwonea mwenzake.

Kwa nini tusiwe na namba ya safari kwa pikipiki? Mgeni afike na pasipoti, viza na leseni ya pikipiki ya kwao. Auziwe pikipiki mpya na muuzaji aliyesajiliwa kwa mpango huu, apewe TIN ya muda palepale dukani, kadi ya muda ya miezi sita yenye jina lake kamili kwa Kiswahili na Kiingereza, na bima pamoja na Kadi ya Njano. Aweke amana sawa na kodi ambayo ingelipwa. Muuzaji asaini kuichukua tena ikirudi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 tayari inajua mambo ya kuingiza kitu kwa muda na kuweka dhamana, kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri. Na kwa kuwa pikipiki lazima irudi, safari itakuwa ya mzunguko: aende Malawi arudi kwa Songea, au ashuke hadi Victoria Falls na kurudi kwa Sumbawanga na Kigoma. Wiki ambazo angezimaliza Cape Town akitafuta pa kutupia pikipiki, atazimaliza kwetu.

Hili la mwisho watu wa utalii walipime vizuri. Pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhi zetu za taifa. Barabara kuu inayopita Mikumi ni jambo jingine, hiyo ni njia ya wote. Kwa hiyo mwenye pikipiki akifika getini anaiacha na kukodi gari la mwenyeji na dereva wake, kama mtalii mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba kabla ya kufika hapo amelala Kondoa, amekula chipsi mayai Manyoni, amebadilisha tairi Mpanda na kukaa Kasanga siku mbili akiangalia Ziwa Tanganyika. Hizi ni sehemu ambazo magari ya safari huzipita vioo vikiwa vimefungwa, kama yanapita kabisa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema, na sijasikia kwamba walimaanisha mwenyeji wa Karatu peke yake.

Pingamizi zipo, na mbili nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni ajali. Mtu aliyejifunza kuendesha kwenye lami ya Uholanzi tunamwachia barabara ya Tanzam, kati ya basi linalokimbizana na ratiba na lori la kwenda Kongo. Wodi za taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili zinatosha kumnyamazisha anayedhani pikipiki ni mchezo. Vietnam ni funzo hapa. Tangu kipindi cha Top Gear cha Desemba 2008 kiwaonyeshe Waingereza watatu wakiivuka nchi ile kwa pikipiki, biashara ya kuwauzia vijana wa Kizungu pikipiki chakavu kule Hanoi, bila leseni na bila swali, ilishamiri. Wengi wao hawajawahi kushika klachi. Mmarekani mwenye kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya mkataba wa 1949 hatambuliwi Vietnam, inayofuata ule wa 1968, kwa hiyo akivunjika mguu kampuni ya bima inaosha mikono. Sisi tuanze kwa kukaza pale pale wao walipolegeza: bila leseni ya kwao inayolingana na daraja A letu, hakuna mauzo. Na helmeti iwe sehemu ya bei, nzuri, si lile bakuli la plastiki. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema miaka mingi kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40.

Ya pili ni magendo. Ofisa wa kodi atauliza: nitajuaje kwamba huyu mgeni hauzi pikipiki Kapiri Mposhi na kupanda ndege? Hutajua, ndiyo kazi ya amana. Akiiuza Zambia, wewe umeshalipwa kodi yako na Zambia ndiyo yenye kulalamika. Tena mtu wa kufanya magendo ya pikipiki moja moja, kwa jina lake mwenyewe na pasipoti yake iliyochanganuliwa dukani, atakuwa mfanyabiashara wa ajabu. Zile pingamizi nyingine, kwamba watalii wa namna hii ni maskini, kwamba wanaharibu sura ya nchi, sioni haja ya kuzijibu.

Kuna swali ambalo msomaji wa Kinondoni au Kilimani ameshalishika mkononi: na sisi je? Mbona tunapanga mambo ya mgeni wakati kijana wa Arusha mwenye Boxer yake na kadi yake halali hajawahi kufika Bujumbura? Ni kweli, na linaniuma. Pikipiki ambayo mtu anapanda ndege kuja kuinunua iko nje ya mlango wetu, imeegemea mwembe. Lugha tunayo pia: kutoka Lamu hadi Lubumbashi unaweza kumwambia fundi kwamba cheni imelegea naye akakuelewa, jambo ambalo Schoenmaker hakulipata popote kati ya Delhi na Uholanzi. Biashara ya bodaboda yenyewe ilizaliwa mpakani, Busia, kwa kuvusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Kinachotuzuia si mashine. Ni mazoea ya kuona pikipiki kama chombo cha hesabu ya jioni tu, na ni dirisha la mpakani ambako kijana wa Kitanzania mwenye pikipiki huulizwa amebeba nini, na ameandamana na nani, kabla ya kuulizwa anakwenda wapi.

Kadi ya safari ikishatengenezwa kwa mgeni, kumpa na mwenyeji ni hatua fupi, tena yeye hana haja ya amana ya kodi kwa kuwa kodi ameshalipa. Akiwa nayo pamoja na Kadi ya Njano, apite dirisha moja pale Namanga, Mutukula, Rusumo au Tunduma. Ningeanza na wanafunzi wetu wanaosoma Pune na Bangalore, maana huko wengi wanapanda pikipiki na wanajua tayari adha ya kununua ugenini. Ukinunua India katika jimbo moja na kutaka kuiuza katika jingine, lazima upate cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi iliyoisajili, na ofisi hiyo iko ulikotoka siku nyingi zilizopita. Wakirudi nyumbani watakuwa na la kuwaambia watu wa mamlaka yetu ya mapato, TRA.

Wazo hili nimempelekea muuzaji mmoja wa Boxer hapa mjini, mtu mwenye duka na gereji nyuma yake. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anahesabu plagi. Hakuuliza kuhusu Ufaransa wala Chile. Aliuliza, kaka, pikipiki ikirudi kutoka Malawi tairi zimeisha, nani analipia? Nikamwambia inakatwa kwenye bei ya kurudisha, mnaandikiana mapema. Akasema basi yeye yuko tayari hata kesho, nimletee tu huyo mtu wa TIN.